Kijana wangu si maharimu (jamaa aliyeharamishwa kumuoa) wa binti wa mke wangu. Sasa nani amteremshe ngazi?

Fundi wa Langoni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi seremala hapa Amu (Lamu) mjini, kazi yangu milango na vitanda. Miaka minne iliyopita nilioa mwanamke aliyeachika, akaja na binti yake wa miaka 8. Mimi nilikuwa na kijana wangu wa miaka 11, mamake alishatangulia mbele ya haki. Mola akatujaalia mwengine baina yetu, sasa ana miaka 2. Kwa hivyo nyumba ina watoto watatu: mmoja wangu, mmoja wake, mmoja wetu.

Binti wa mke wangu ana mtindio wa ubongo, ule unaoshika mikono na miguu yote. Mamake alishikwa na uchungu usiku huko Faza. Mashua ikafika mkondo wa bahari wa Mkanda maji yamekupwa, wakangoja mpaka yajae. Mtoto alipozaliwa hakulia. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, hasemi. Chakula chake ni laini na hulishwa akiwa wima, la sivyo kinapita njia ya pumzi, atakohoa mpaka midomo ibadilike rangi. Kifafa anacho, dawa anakunywa asubuhi na usiku. Lakini anafahamu kila kitu. Ukimuuliza jambo, akiinua macho juu ni ndiyo, akiyafumba ni la. Wageni huzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, na yeye anasikia kila neno.

Nyumba yetu ni ya mawe. Sisi tunaishi ghorofani, karakana yangu iko chini. Ngazi ni vidato 17, katikati zinakata kona, na upana wake ni mtu mmoja na nusu. Kiti chake cha magurudumu hukaa dakani, kibaraza cha mlangoni, kwa sababu juu hakipandi. Siku mbili kwa wiki hushushwa kwenda mazoezi ya viungo hospitali, na kila alasiri hushushwa akae dakani aone watu na punda wakipita. Hiyo alasiri ndiyo siku yake nzima.

Sasa ana kilo 26. Nikiwepo nambeba mimi, lakini kazi hunipeleka Shela, Manda, pengine Kiwayu wiki nzima. Mke wangu mgongo ulimharibika tangu uzazi wa mwisho. Basi mbebaji amekuwa kijana wangu. Alianza akiwa na miaka 12. Aligundua mwenyewe kwamba ukimwinua akiwa amenyooka, mwili wote unakakamaa kama ubao, lakini ukimkunja kwanza nyongani na magotini analegea na anabebeka. Mimi nilijifunza kwake. Humwambia, "Ndoo twende," yaani njoo twende, na binti huanza kucheka kabla hajaguswa.

Mwezi uliopita binti alivunja ungo. Wiki ile ile dada yangu alikuja kututembelea, akamkuta kijana, ambaye sasa ana miaka 15, yuko katikati ya ngazi amembeba. Akasema mbele yao wote wawili: "Mweke chini. Huyo si nduguyo. Si maharimu yako."

Katikati ya ngazi huwezi kumweka mtu chini. Kijana alimalizia vidato vilivyobaki, akamkalisha kitini, akamfunga mkanda, akatoka. Tangu siku hiyo analala kwa nyanya yake mtaa wa Mkomani. Nyumbani huja kula na kusalimu, lakini ghorofani hapandi. Binti akisikia hatua ngazini hugeuza uso mlangoni, na akiona ni mimi huurudisha ukutani. Nimeliona hilo si mara moja.

Naomba nisieleweke vibaya. Dada yangu hakusema uongo. Nimeuliza. Binti ni maharimu yangu mimi kwa kuwa nimemuoa mamake na kukaa naye, imo katika Sura An-Nisaa aya ya 23. Lakini yeye na kijana wangu hawana baba mmoja wala mama mmoja. Mlango wa kunyonya (mtoto mchanga akinyonyeshwa na mwanamke huwa kama mwanawe) nao haupo, tulipooana kijana alikuwa mkubwa. Hukumu naijua. Ninachotafuta ni njia ya kuishi ndani yake bila ya kumpoteza kijana na bila ya kumfungia binti ghorofani. Katika mwezi huu ameshuka mara nne tu.

Aliyepitia jambo kama hili anieleze alifanyaje.

---

Mama wa kambo, Barani

Wa alaykum salaam kakangu fundi. Nimesoma nikalia.

Kwangu Malindi ni kinyume cha kwako. Mume wangu ndiye aliyekuwa na mtoto wa hali hiyo, wa kiume, sasa ana miaka 14. Mimi nilikuja na mabinti wawili. Walipokuwa wadogo walimlisha, walimwogesha, walilala naye mkeka mmoja. Walipokua ikabidi tubadilishe, na nilikosea mwanzoni kwa sababu nilinyamaza nikidhani mambo yatajipanga yenyewe. Binti yangu mkubwa akaambiwa na jirani, "Yule si ndugu yako, utamtumikia mpaka lini?" Alikaa karibu mwaka hamgusi hata kijiko. Nilidhani ni utoto, kumbe alikuwa anaumia.

Tulichofanya hatimaye ni kugawa kazi, si kugawa watoto. Kuoga, kubadilisha nguo na nepi ni kazi za stara, hizo ni za babake na ami yake, na mimi wakiwa hawapo. Kumlisha, kumsukuma, kumwekea redio, kumkalisha kivulini na kumsomea ni kazi za kila mtu. Hakuna aliyeambiwa aondoke. Mpaka leo mabinti ndio wanaomlisha chakula cha usiku, kwa sababu mkononi mwao anameza vizuri na mkononi mwangu anatema.

Mfuate kijana wako wewe mwenyewe, leo, hata kama ni usiku. Neno la shangazi yake lisiwe ndilo la mwisho alilosikia katika nyumba hiyo.

Na binti mwenyewe, umemuuliza? Umesema ana ndiyo na la yake.

Jambo jengine, kama hamjamwandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu, mwandikisheni. Mkiingia katika Inua Jamii, mpango wa fedha wa serikali, ya wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini kwangu ndiyo nepi.

---

Mpita njia

Sheria ya Mwenyezi Mungu haibadilishwi na ngazi. Ajiri mwanamke ambebe, yaishe.

---

Fundi wa Langoni

Ndugu yangu, sijaomba ibadilishwe. Wanawake wawili nimeshawaajiri. Wa kwanza alikaa siku sita, mgongo ukamshinda. Wa pili aliteleza kidato cha tatu kutoka chini akiwa naye mikononi, Mungu akanusuru, binti akaumia kiwiko tu. Sikumlaumu. Kilo 26 za mtoto anayekakamaa ghafla si sawa na kilo 26 za mchele.

Mama wa Barani, Mola akulipe. Kadi ya Baraza anayo, mamake aliishughulikia. Kuhusu kumuuliza binti, nasema ukweli wangu: tumeuliza masheikh, tumeuliza wazee, yeye hatukumuuliza.

---

Fizio, Malindi

Fundi, mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, nimehudumia watoto wenye mtindio wa ubongo miaka mingi. Suala la dini nawaachia wenye elimu yake. Nizungumzie ngazi.

Binti huyo hafai kubebwa mikononi na mtu yeyote tena, awe maharimu au asiwe. Wewe mwenyewe usimbebe hivyo. Leo ni kilo 26, miaka michache ijayo ni 35 au 40. Ana kifafa. Kikimshika mkiwa kwenye kona, mtaanguka nyote wawili. Nashukuru hajafa mtu.

Wewe ni seremala. Mtengenezee kiti cha kubebea. Pima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kisha punguza upana wa vidole viwili. Hicho ndicho kina cha kiti. Kina kikizidi, atateleza mbele na mgongo utapinda. Nyonga, magoti na vifundo vikunjike pembe mraba, na nyayo zikae juu ya ubao, zisining'inie. Kijana wako aligundua siri hii mwenyewe, kwamba akikunjwa nyongani analegea, na ndiyo kanuni ya kwanza tunayofundishwa. Mkanda upite juu ya mapaja karibu na nyonga, usipite tumboni. Weka mbavu za mbao ubavuni na egemeo la kichwa. Kingo zote zizungushwe. Kisha mishikio minne, miwili juu ya mgongo na miwili chini mbele ya miguu. Mnapoteremka miguu yake itangulie na kiti kilale nyuma kidogo. Mwenye nguvu zaidi akae chini. Kwa namna hii anayebebwa ni kiti, si mwili wake, na nadhani hapo utapata nafasi katika lile jambo lako jengine.

Pili, msichana asiyeweza kusema la kwa mdomo anahitaji kanuni ya stara kuliko msichana mwengine yeyote. Ijulikane nani anamwogesha, nani anambadilisha, na mlango unakaa vipi. Lakini mwambie kijana kwamba kanuni hiyo ni ya wote, hata sisi wa hospitali. Si kwa sababu ametiliwa shaka yeye.

Tatu, unisamehe kwa kuingia ndani ya nyumba yako. Kwa nini karakana ndiyo iko chini na mtoto asiyetembea yuko juu? Na vumbi la msumeno linapanda kwa mtoto ambaye kifua chake tayari kinasumbuliwa na chakula kinachopita njia siyo. Amefika umri wa kurefuka, mifupa inakwenda mbio na misuli iliyokaza haiifuati. Asiposhuka kufanya mazoezi miezi hii, magoti na nyonga zitakaza kwa namna ngumu kurudishwa.

---

Mzee wa Pate

Mwanangu fundi, salaam. Wametangulia kusema yaliyo mazuri. Mimi naongeza mawili ambayo vijana huwa hawayakumbuki mpaka siku imefika.

Binti huyo hakurithi wewe, hata ukimlea miaka 30. Si damu yako. Ukifa leo, mali itagawiwa kwa mkeo, kijana wako na mdogo wao, na walio na haki nyengine. Yeye hana fungu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kwamba si mrithi, unaweza kumuusia, mradi isizidi thuluthi ya mali. Andika, uweke mashahidi, umweleze kijana wako ukiwa hai ili asije kulisikia jambo hilo matangani akalichukia. Ukitaka kumpa kitu sasa kwa hiba, yaani zawadi ukiwa hai, nako ni sawa. Nenda kwa Kadhi akuongoze maandishi.

La pili, babake mzazi yuko wapi? Matunzo ya mtoto hayaondoki kwa mamake kuolewa. Hata Katiba ya Kenya ya 2010 katika ibara ya 53 imesema wazazi wote wawili wana jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la. Wewe kumlea ni ihsani yako, na ujira wako uko kwa Mola, lakini isiwe ndiyo ruhusa ya mwengine kusahau.

Dadako msamehe. Elimu yake ni sahihi, alikosea mahali pa kuitolea.

---

Kaka wa Muyeye

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ndiye yule kijana, sio wa fundi, wa nyumba nyengine. Mama yangu aliolewa na mtu mwenye binti asiyeweza kukaa wala kusema, nami nilimbeba tangu nikiwa darasa la sita. Nilipofika miaka 16 nikaambiwa neno kama hilo, tena mbele ya watu. Sasa nina 24.

Sikukasirishwa na kukatazwa. Nililoshindwa kulibeba ni kwamba waliniangalia kana kwamba nilikuwa nikifanya kitu kibaya miaka yote ile na mimi sikujua. Nikaanza kujiuliza kama kweli mikono yangu ni michafu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuja kuniambia, "Hukukosea. Umri ndio umebadilika." Sentensi hiyo tu ningeipata, ningerudi. Yule dada alifariki kwa homa ya mapafu nikiwa Mombasa, miaka miwili sijaonana naye.

Baba, usiende kwa kijana wako na fatwa peke yake. Nenda na kazi. Kiti anachosema fizio, kitengenezeni wawili.

---

Fundi wa Langoni

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi. Wiki tatu zimepita na mikono ilikuwa na shughuli.

Niliposoma maneno ya Kaka wa Muyeye nilifunga karakana saa nne asubuhi nikaenda Mkomani. Nilimkuta kijana kwa nyanya yake, barazani, anakuna nazi. Nikakaa. Aliuliza swali moja tu: "Baba, kwani nilifanya nini?" Nikamwambia neno kwa neno kama ulivyoandika: hukukosea, umri ndio umebadilika. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwa kuwa nilikuwepo chini karakanani siku ile, nilisikia, na sikupanda ngazi. Hilo sikuwa nimewaandikia hapa mwanzo. Nilisikia, na niliendelea kupiga randa.

Jioni tulimuuliza binti, mimi na mamake. Nikasema: unataka kakako aendelee kukuteremsha? Macho yakapanda juu na yakabaki huko huko. Nikasema: kuoga na kuvaa, iwe mama na wanawake peke yao? Juu tena, upesi, sijamaliza hata sentensi. Kijana hajawahi kumwogesha, lakini mimi nilikuwa namwogesha binti pale mamake akiumwa, na sasa nimejua hapendi. Kwa hivyo limenigusa mimi, si kijana. Tangu siku hiyo mke wangu akizidiwa huja jirani yetu wa kike. Nikauliza la tatu: tukuhamishie chini kabisa? Hakuinua wala hakufumba. Alinitazama tu. Mamake ndiye aliyeelewa. Chumba cha juu kina dirisha ambalo anaona bahari na mashua zikitoka. Tumekubaliana mchana awe chini, usiku alale juu. Nusu ya karakana nimeshaitoa, misumeno nimehamishia kwa fundi mwenzangu ufuoni, na tumepiga chokaa upya.

Kiti tumetengeneza kwa mbao za mwembe. Mamake alipima, kijana akaandika namba. Kwanza nilitia miti miwili mirefu ya mkoko ubavuni, ya kubebea begani kama machela. Mke wangu alipoiona alishika mlango. Akasema, "Hiyo ni jeneza. Mwanangu hatabebwa hivyo akiwa hai." Niliikata saa ile ile. Tukaweka mishikio minne mifupi, kama ya sanduku. Kina nacho nilikosea, nilisahau vile vidole viwili, akawa anateleza mbele. Kijana ndiye aliyerudia ubao wa nyuma peke yake, usiku, kwa taa. Msasa aliupiga mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu.

Mzee wangu wa Pate, wasia nimeuandika, thuluthi, na kijana nilimketisha nikamsomea. Akauliza kama nikifa mimi, yeye atakuwa na haki ya kumlinda binti. Nimeahidi kumuuliza Kadhi. Babake mzazi tumempigia simu, amesema atatuma. Tunangoja.

Dada yangu bado hatujazungumza sawasawa. Amenipigia mara mbili, nimepokea mara moja, tukaulizana hali tu.

Jana ndiyo mara ya kwanza kuteremka na kiti. Kijana chini, mimi juu, jirani yetu nyuma yangu ajifunze, kwa kuwa Jumatatu nakwenda Kiwayu na itakuwa zamu yake na kijana. Binti alikuwa amevaa buibui lake jipya dogo. Kijana akashika mishikio, akatazama chini kwanza kama mtu aliyesahau maneno, kisha akasema, "Ndoo twende." Binti alicheka mpaka tukangoja atulie, maana akicheka naye mwili hukaza. Jana kijana amelala nyumbani. Leo amekwenda tena kwa nyanya yake, sikumuuliza.

Kwenye kona ya ngazi, mshikio wa kushoto unagonga ukuta. Nimeutia alama ya penseli, kesho asubuhi tunaukata.